Mkia Ulikuwa wa Samaki

Huku Katuba wananiita Mamba Muntu.
Si usoni. Usoni ni Mama Yumba,
Mama Yumba, nipimie tomusoni wawili wasio na macho mekundu.
Nikigeuka kufunga friza
ndipo jina linanigusa mgongoni
kama tone la maji ya barafu.

Nililijua kabla halijanijua.
Lilikuwa ukutani kwetu, Kamalondo, juu ya kiti cha baba,
limechorwa kwenye gunia la unga
na Kisimba Umba, aliyelipwa jogoo mmoja na deni:
mwanamke kuanzia kiunoni kwenda juu,
ngozi ya muhogo uliomenywa,
kitana mkono mmoja, saa ya dhahabu mkono wa pili,
nyoka shingoni ametulia kama skafu.
Chini, magamba.

Nilikuwa na miaka saba. Nikauliza:
Baba, mamba yuko wapi? Huu mkia ni wa samaki.
Baba akacheka mpaka bia ikamtoka puani.
Kesho yake akampelekea Kisimba swali langu,
na Kisimba, brashi nyuma ya sikio, akajibu:
Mamba sijamwona. Samaki nimewala.

Bibi alikuja na treni kutoka Bukama,
kule ambako mamba ni jirani mwenye tabia mbaya.
Akaitazama picha, akaiona ya kitoto.
Jina hilo, akasema, halikuwa la mwanamke.
Lilikuwa la yeyote anayelala akiwa mtu
akaamka na matope kwenye meno.
Nywele mmeziongeza nyinyi wa mjini, pamoja na saa.

Mama alikuwa na yake, ya kunong'onezwa:
ukiokota kitana chake atakujia ndotoni kukidai,
atakupa nyumba ya matofali, gari, chochote,
nawe utampa mtu.
Mmoja tu. Wa kwako.

Hapo ndipo jina linapouma.

Nkulu wangu alishuka shimoni Jumatatu ya mvua
na shimo likafunga mdomo.
Miezi minne baadaye friza ikafika juu ya mkokoteni,
nyeupe, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari.
Mama Musao wa ng'ambo akahesabu kwa vidole:
mume, miezi minne, friza.
Hesabu ikatoka.

Sikuwaambia habari za gunia.
Lilikuwa uvunguni, mawe ya kijani
aliyokuwa akiyaleta kidogo kidogo mfukoni,
ya shule ya Mbuyu, alisema, usiyaguse.
Niliyagusa. Niliyapeleka kwa mnunuzi.
Mizani yake ilikuwa na njaa:
kilo tisini zikawa sitini na moja.
Nikaongeza zamu yangu ya likelemba,
nikaongeza pete.

Sasa, wanasema uongo?
Umeme ukikatika usiku na friza ikaacha kunguruma
nalipima jina gizani, mamba, halafu muntu,
na sipati pa kulikatia.
Kuna kitu chini kilichukua mtu.
Kuna mali ilibaki juu.
Hadithi imepotea nyumba tu, imebisha hodi kwangu,
wakati yule wa mizani alikuwa na saa mkononi,
ya dhahabu, naikumbuka,
aliitazama mara mbili
nikiwa bado nafungua kamba ya gunia.

Jana Mbuyu alikuwa ananisugua mgongo, mimi nimeinamia beseni.
Akanyamaza. Akabandua kitu kwenye kiwiko changu,
akakiinua kwenye mwanga wa mshumaa:
kidogo, cheupe, kinameta.
Gamba, Mama.
Wala hakucheka.

Nikamwambia, sugua.
Yapo mengine.